Alama ya Mzee Kapela

Tangu nirudi kutoka Tabora mmekuwa mkinijia mmoja mmoja, ofisini na nyumbani, mkiniuliza safari ilikuwaje, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba njia ni ndefu na asali ya kule ni tamu. Yote mawili ni kweli, lakini ni majibu ya kumpa mgeni mlangoni. Ninyi mlikuwapo siku kijitabu changu kiliposomwa kwa sauti mbele ya wakubwa, mkanipigia makofi. Mna haki ya kujua kilifanya nini kilipofika kule kilikotoka. Kijiji chenyewe sitakitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha. Wenyewe waliniomba nisiwaandike tena, na hata haya nayaandika kwa ajili yenu tu, msiyapeleke mbali.

Dar es Salaam hadi Dodoma

Niliondoka nikiwa na majivuno. Kwenye kapu langu mlikuwa na furushi la vijitabu arobaini, kile cha kisomo cha watu wazima kinachohusu nyuki, na kila gari moshi liliposimama nililigusa kuhakikisha lipo.

Kwa wale ambao hawakuwa nasi wakati kinaandikwa: miaka miwili kabla, nilitumwa Tabora kukusanya habari za walina asali, ili watu wazima wanaojifunza kusoma wajifunze kwa mambo ya kazi zao wenyewe. Nilikaa siku tisa kwa Mzee Kapela, Mnyamwezi wa makamo, na mkewe Mama Nyamizi. Mzee Kapela alinionyesha namna ya kubandua gome la myombo bila kulipasua, namna ya kulikunja liwe mzinga na kuziba ncha zake kwa nyasi zilizosukwa, na namna ya kuwasha kienge, ule mwenge wa maganda makavu unaowafukuza nyuki kwa moshi bila kuwaunguza. Alinionyesha pia alama yake: mwezi mwandamo na mikato miwili chini yake. Aliichonga kwenye kila mzinga na kuigandamiza kwenye kila donge la nta. Babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya kwenda pwani, akaichonga alama ile kwenye mti wa kubebea mzigo wake, usije ukapotea katikati ya mizigo ya wenzake. Niliichora daftarini. Nilipofika ofisini, mchoraji wetu aliipenda, ikawekwa kwenye jalada.

Katika behewa nilikaa na Bi Zuwena, mjane wa makamo kutoka Gongoni, pale Tabora mjini. Ni wa zile koo za Kiarabu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kwa changu cha Morogoro. Alikuwa na samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye kanga ya zamani, mimi nina maandazi, tukala pamoja. Kwa kuwa nilikuwa natafuta nafasi ya kujisifu, nilimtolea kijitabu kimoja. Alikipekua kwa makini, kurasa zote thelathini na mbili.

Akaniuliza kama nimeandika mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimewahi kupanda mti kulina asali. Nikasema hapana.

"Basi aliyepanda ni nani, mwanangu? Humu sikumwona."

Nilimwambia ni wananchi wa Tabora kwa jumla, imeandikwa ukurasa wa mwisho. Halafu nikamkaribisha andazi jingine. Alilipokea, akanirudishia kijitabu changu kwa mikono miwili, na hakuuliza tena.

Kigwa, mchana kutwa

Asubuhi ya pili tulisimama Kigwa, na pale tukakaa. Behewa la mizigo lilikuwa limeacha reli mbele yetu. Tuliambiwa saa moja. Baadaye saa mbili. Kisha aliyekuwa akituambia akajificha. Abiria walishuka na mikeka. Wanawake wa kijijini walikuja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na wengine wakaja na karanga za kuchemsha na asali kwenye chupa. Nilikula michembe mpaka taya zikauma.

Chupa za asali ndizo zilizoniinua pale nilipokaa. Kila kizibo kilikuwa cha mti mwepesi, na juu ya kila kizibo palichongwa mwezi mwandamo na mikato miwili.

Nilimfuata muuzaji, mama mmoja mchangamfu, nikamwuliza alama ile ni ya nani. Aliniangalia vizuri, akaliona kapu langu na miwani yangu, akanijibu kwa adabu ya mtu anayeulizwa na mkaguzi. Alama ya serikali, alisema. Iko kitabuni. Asali isiyo nayo watu wanaitilia shaka. Nikamwuliza tena kama yeye anamjua mtu mwenye alama hiyo. Akadhani namjaribu. Akaapa kwamba yeye hajaghushi kitu, kajifunza darasani kama wenzake, na kama kuna ada mpya basi yuko tayari.

Nilicheka. Nilimwambia asiogope, nikanunua chupa mbili, nikakaa kwenye mkeka nikaandika daftarini kwamba kijitabu kimefika hadi Kigwa na kinatumika. Hayo ndiyo maneno niliyoyaandika. Ninayo hapa.

Bi Zuwena alionja asali yangu kwa ncha ya kidole. Alisema imelinwa kabla haijaiva, na kuna harufu ya majivu. Kisha akakigeuza kizibo mara mbili tatu na kusema kwamba alama hii aliijua tangu utotoni, ilikuwa ya watu safi sana, hajui kimewapata nini. Nilimsikia. Lakini siku ile masikio yangu yalikuwa yamejaa sifa zangu mwenyewe, na neno lake likapita.

Gongoni

Tulifika Tabora jua likiwa linaelekea kuzama. Bi Zuwena hakutaka kusikia habari ya nyumba ya wageni. Alinichukua kwao Gongoni, nyumba ndefu yenye ua katikati, akanitambulisha kwa kaka yake, Bwana Seif. Zamani Bwana Seif alikuwa mnunuzi wa nta kama baba yake na babu yake. Mambo yalipobadilika alifunga duka, na sasa alikuwa mpokeaji wa nta kwenye ghala la ushirika, kwa sababu hakuna aliyeijua nta kama yeye.

Tulikula wali na bamia, tukanywa kahawa. Aliniuliza kazi yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia, lakini Bi Zuwena akawa ametangulia kumsimulia habari za asali ya Kigwa, na kaka yake akaweka kikombe chini.

Alisema zamani donge la nta lilikuwa linasema. Akipokea donge, kabla hajalinusa, alitazama alama. Alama ilimwambia nani kalina, msitu gani, nta imechujwa kwa kitambaa au kwa nyasi, mwenyewe ni mkweli au ni wa kuchanganya na mafuta. Walina asali walijuana kwa alama msituni hata bila kuonana; mtu alipita chini ya mzinga, akaona alama, akajua mwenyewe ni nani na yuko wapi, akaenda zake. Kijana akitaka kuanza kazi, alipewa alama siku aliyomaliza kufundishwa, na wazee walikaa kuhakikisha haifanani na ya mtu.

"Nikiona mwezi na mikato miwili, sikulivunja donge," alisema. "Nilijua ni la Kapela. Sasa yote yana mwezi na mikato miwili. Navunja moja moja, ndani nakuta mchanga, magome na nyuki waliokufa. Kuna mtu kawaandikia kitabu."

Somo la tatu la kijitabu changu likanijia lote mbele ya macho. Picha ya alama, na chini yake maneno makubwa: *Hii ni alama ya mzinga. Chonga alama hii kwenye mzinga wako.*

Niliyaandika mimi. Somo la tatu lilikuwa la silabi za *la* na *ma*, na nilihitaji neno zuri lenye zote mbili. *Alama* lilitoshea vizuri mno.

Bwana Seif hakuwa na hasira. Alisema mtu huyo hakika hakuwa na nia mbaya. Alichukua jina la mtu akadhani ni herufi. Kisha, kwa ukarimu, akanigeukia na kuniuliza tena: kazi yangu nilisema ni ipi?

Nikamwambia naandika mambo ya kilimo. Mahindi, nilisema. Bi Zuwena alinitazama, akainama kukusanya vikombe. Mpaka leo sijui kitu kinachoniuma kuliko kimya cha yule mama, ambaye angeweza kunifedhehesha mbele ya kaka yake na hakufanya hivyo. Asubuhi wakati wa kuniaga alinifungia mkate na kuniambia taratibu, "Nenda ukaseme mwenyewe."

Kipalapala na njia ya kusini

Nilipata lori lililokuwa likipeleka magunia upande wa kusini. Dereva alinikalisha mbele na, baada ya kulitazama kapu langu, akaniuliza kama mimi ndiye niliyetumwa kwa ajili ya kesi ya asali. Nikamwuliza kesi gani. Akanisimulia kama mtu anayesimulia habari inayojulikana na kila mtu: kule kijijini kuna mzee mmoja, mlina asali hodari, kumbe mwizi. Msimu uliopita alikamatwa na asali ya mwenzake. Anaitwa Kapela.

Tulisimama Kipalapala, karibu na seminari, kushusha magunia. Nilishuka na kapu langu nikasimama kando ya barabara. Niwaambieni kweli: nilishuka ili nirudi. Kulikuwa na gari linaelekea mjini, nilikuwa nimeshaliona. Nilianza kuvuka, kapu likaniponyoka, kamba ya furushi ikakatika, na vijitabu arobaini vikamwagika vumbini.

Waseminari wawili waliokuwa wakibeba magunia walikuja kuniokotea. Pamoja nao mkulima jirani, mwanamke aliyekuwa na jembe begani. Alikipangusa kijitabu kimoja kwa upande wa kanga yake, kimoja tu, kwa uangalifu mkubwa, akasoma jalada kwa kutamka silabi moja moja mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa furaha. Alisema darasani kwao wana viwili tu na wako watu ishirini. Akaomba apewe kimoja.

Nikimnyima, namnyima kitu alichokitolea jasho. Nikimpa, nampa tena alama ya mtu. Nilikifungua somo la tatu, nikachana ukurasa ule mbele yake, nikampa kilichobaki. Aliangalia kitabu kilichochanwa, na nadhani alifikiri namwona hastahili kizima. Sikumweleza. Gari la mjini lilikuwa limekwishaondoka, na dereva wangu alikuwa akipiga honi.

Kijijini

Kijiji ni cha wale waliohamishwa kutoka mitaa mbalimbali na kukusanywa pamoja, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara. Watu wengi hawakuwa wakifahamiana kabla. Msitu uliokuwa wa koo fulani fulani sasa ni wa kijiji, na yeyote aliyetaka angeweza kutundika mzinga. Hilo ni jambo jema, na ninyi mnajua nililiandikia kwa moyo wote. Lakini watu wageni kwa wageni ndio wanaohitaji alama kuliko wote.

Nilipokewa kwa nyimbo. Mwenyekiti, Ndugu Katabi, alinipeleka kwenye banda la kisomo, na ubaoni alama ilikuwa imechorwa kwa chaki, kubwa kama sinia. Mwanafunzi wa kwanza, mtu wa miaka thelathini hivi aitwaye Shija, alisimama akasoma somo la tatu bila kukwama. Alikuwa hajui hata *a* mwaka uliotangulia. Alisoma huku akinitazama kwa shukrani, na nilishindwa kuyapeleka macho yangu kwake.

Ni yeye aliyemshitaki Mzee Kapela. Niliyapata hayo kwa Ndugu Katabi tukiwa tunatembea. Shija alijifunza kutengeneza mzinga darasani, akauchonga alama ya kitabuni, akautundika katika mti mmoja mzuri msituni. Hakujua kwamba kwa miaka mingi mti huo ulikuwa wa kina Kapela. Msimu ulipofika Mzee Kapela akapita, akaona alama yake kwenye mti wake, akalina. Shija akalalamika barazani. Mzee Kapela akasema alama ni yake. Kitabu kikaletwa, kikasomwa. Watu wakamcheka: serikali ndiyo iliyochukua alama yako wewe? Akatolewa kwenye kikundi cha walina asali, na mizinga yake ikawekwa chini ya kikundi.

Jioni nilikwenda kwake. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko ile niliyolala mwanzo. Nilimwamkia Mama Nyamizi shikamoo, akaitika marahaba, akanikumbatia na kuniuliza habari za mama yangu, ambaye nilimtaja mara moja tu miaka miwili kabla. Aliweka maji ya kunawa, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Mzee Kapela alikula nami sahani moja. Hakuna aliyetaja kitu mpaka tulipomaliza.

Kisha alinyoosha mkono akachukua kijitabu kilichokuwa juu ya kasha. Kilikuwa kimechakaa. Aliniambia kwamba baada ya baraza aliona hana la kufanya ila kwenda kukaa darasani, benchi la nyuma, na watu waliomwita mwizi, ajue ni nini hasa kimeandikwa mle. Ilimchukua miezi.

"Sentensi ya kwanza niliyoisoma mwenyewe maishani mwangu ilikuwa hii," alisema, akaiwekea kidole. "Nikaelewa kwa nini walinicheka. Mimi pia ningecheka."

Nilimwomba radhi. Nilisema maneno mengi, mengine nililia nikiyasema. Alisikiliza yote. Alisema radhi ya humu ndani ni njema, lakini aliitwa mwizi nje.

Barazani

Asubuhi yake Ndugu Katabi aliitisha watu bandani. Nililala nikipanga maneno, na nilikusudia kusema kweli. Lakini nilipoinuka na kuwaona wote wale, na Shija mbele kabisa, kijitabu kimefunguliwa gotini, moyo ulinitoka. Nilisema kulikuwa na kosa la mtambo wa kuchapa. Nilisema mahali pale palitakiwa kuachwa wazi kila mtu achore alama yake, lakini mtambo ukaweka alama ya Mzee Kapela. Hivyo Mzee Kapela hana kosa.

Watu waliguna kwa kuridhika. Ndugu Katabi alikuwa tayari kufunga shauri. Mzee Kapela alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijidanganya kwamba ni kwa kutulia.

Shija akanyoosha mkono. Hakuwa ananitega, ndiyo maana iliniuma. Alikuwa na hamu ya kweli ya kujua vitabu vinatengenezwaje.

"Ndugu Mwandishi, kumbe mtambo unaweza kuweka na maneno? Hapa pameandikwa *chonga alama hii*. Nayo yaliwekwa na mtambo?"

Niliingiza mkono kapuni, nikatoa daftari langu la safari ya kwanza, nililokuwa nimekuja nalo, nikafungua ukurasa wa mchoro, nikampa Shija. Nikamwambia asome kwa sauti yale niliyoyaandika chini ya mchoro siku niliyouchora.

Mwandiko wangu haukuwa mzuri, ikabidi asome polepole. Kila mtu bandani alimsikia: *Alama ya Kapela peke yake. Aliachiwa na babu yake. Mtu mwingine haruhusiwi.*

Ndipo nikasema. Nikasema nilijua. Nilijua siku ile na niliandika kwa mkono wangu, kisha nikafika mjini nikahitaji neno la somo la tatu, nikasahau kwamba alama ni ya mtu, au sikusahau bali niliona kule mjini haina uzito. Nikasema jina la Mzee Kapela sikuliweka popote kwa kuwa nilitaka kijitabu kionekane changu. Na hilo la mtambo nimelitunga sasa hivi, mbele yao.

Wale walioimba nilipofika walikuwa wakiniangalia kama wanavyomwangalia mtu aliyelewa mchana. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango alikifunga kijitabu chake na kukiweka chini, mbali na miguu yake.

Shija aliinuka, akavuka banda, akakaa chini kando ya Mzee Kapela.

"Baba," alisema, "nilikuita mwizi nikiwa na kitabu mkononi."

"Ulisoma vizuri," Mzee Kapela akamjibu. "Ulichosoma ndicho kilichoandikwa."

Ndugu Katabi alitangaza kwamba baraza lilikosea, mizinga irudi kwa mwenyewe na Mzee Kapela arudi kikundini. Akauliza kama kuna neno. Mzee Kapela alisema moja tu: watu waende msituni wafute alama, na kila mtu apewe ya kwake kama inavyotakiwa, wageni na wenyeji sawasawa, hata wale ambao baba zao hawakuwahi kulina. Mkewe akasema kutoka nyuma kwamba kama ni hivyo, naye anataka mzinga na alama. Pakawa na kunong'ona kidogo upande wa wanaume, halafu pakakosekana mtu wa kupinga.

Msituni

Tulikaa msituni siku tatu. Nilikwenda kwa sababu hakuna aliyenikataza. Nilibeba maji na kuchemsha viazi, na wakati mwingine nilishika kamba huku wanateremsha mzinga. Niliumwa na nyuki mara nyingi na sikulalamika.

Nimekaa katika mikutano mingi ya kuinua ubunifu wa wananchi, lakini ubunifu wenyewe niliuona kule. Watu walikaa chini na visu, wakikwangua alama yangu, nasema yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeisambaza, na kutafuta zao. Mmoja alichora unyayo wa kanga. Mwingine jembe lililopinduliwa. Mama Nyamizi alichora mafiga matatu. Kila alama ililetwa kwa Mzee Kapela, naye aliipitisha kwa wengine wote waitazame, na ikifanana na ya mtu ilirudishwa. Shija alirudishwa mara nne. Ya tano ilikubaliwa, akaichonga kwa kina kirefu mno kwenye gome, mpaka akaambiwa aache asije akatoboa mzinga.

Hakuna aliyenionyesha alama yake kwa makusudi.

Safari ya kurudi haina mengi. Lori, gari moshi, na Kigwa tulipita bila kusimama muda mrefu. Gongoni nilisimama mlangoni kwa Bwana Seif nikamwambia mahindi sijui kuyaandika, na kitabu cha nyuki ni changu. Alinikaribisha ndani, akaninywesha kahawa, akazungumza nami mambo mengine kwa upole, na sikuweza kumaliza kikombe. Ofisini mkubwa wetu alisema litarekebishwa toleo lijalo. Hakukasirika hata kidogo, na afadhali angekasirika. Nimeandika barua kwa walimu wa kisomo wote niliopata anwani zao, kwa mkono. Wanne wamejibu. Mmoja wao ananiuliza kwa heshima, kama alama ile imefutwa, basi watumie alama ipi badala yake.

Limebaki jambo la siku ya mwisho msituni. Nimelichelewesha makusudi.

Wenzetu walikuwa wameanza kufunga mizigo. Mzee Kapela alikuwa amebaki na mizinga yake, kumi na kitu, imelala kwenye nyasi, yote bado ina mwezi na mikato miwili. Nilidhani yeye hana la kubadilisha, kwani ile ni yake. Nikamwona ananoa kisu. Nikamwambia, baba, wewe acha, wengine wote wameshafuta, sasa imerudi kuwa yako peke yako.

Aliniuliza vitabu vilichapwa vingapi. Nikasema vingi. Akauliza vimefika wapi. Nikasema mkoa wote, na mikoa mingine pia.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za msiba aliokwisha kuusikia. Kisha akainama, akaanza kukwangua. Alianza na mzinga mkongwe kuliko yote, ambao gome lake lilikuwa limegeuka jeusi. Vipande vilidondoka kwenye viatu vyangu. Alipomaliza palibaki pahali peupe, papana kama kiganja. Alipapangusa kwa mkono, akageuza kisu, akawa tayari kuchonga. Akasita, akaniangalia.

Hakukuwa na ukali machoni mwake. Sauti yake ilikuwa ileile aliyonifundishia kubandua gome.

"Geukia kule kwanza, binti yangu," alisema.

Niligeuka. Nilisimama nikiangalia miyombo, nimempa mgongo, nikisikiliza kisu kikifanya kazi.